Kaburi la Pili la Vergina: Profesa Andronikos alivyolifikia, alivyolifungua na alivyolipa jina

Jumanne, tarehe 8 Novemba 1977, siku ambayo kanisa la Wagiriki huwakumbuka malaika wakuu Mikaeli na Gabrieli, wachimbuzi waling'oa jiwe moja la juu kwenye dari la tao la kaburi lililofukiwa katika kijiji cha Vergina, kaskazini mwa Ugiriki. Jiwe lilikuwa la upande wa nyuma, palepale ambapo wezi wa makaburi wa zamani walizoea kupitia. Manolis Andronikos, profesa wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Aristotle cha Thessaloniki, akateremka kwa ngazi. Upande mmoja aliona vyombo vya shaba na silaha, upande wa pili vyombo vya fedha. Chini ya tundu lenyewe, ukutani, palikuwa na sanduku la marumaru lenye kifuniko chake, halijaguswa na mtu tangu karne ya 4 KK.

Mambo mawili katika kisa hiki huchanganywa sana, na ndiyo maana yanastahili kutenganishwa. La kwanza ni uchimbuzi: namna kaburi lilivyotafutwa na kufunguliwa. Hapo Andronikos alifanya kazi ya kupigiwa mfano. La pili ni utambuzi: namna alivyofikia jina la Filipo wa Pili, mfalme wa Makedonia na baba wa Aleksanda Mkuu. Hapo hoja yake ilikuwa na kiungo kimoja dhaifu, na wataalamu wameking'ang'ania kwa zaidi ya miaka 40.

Miaka arobaini mahali pamoja

Andronikos alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1919 mjini Bursa, Asia Ndogo, na familia yake ikahamia Thessaloniki wakati Wagiriki wa Uturuki walipokuwa wakihama kwa maelfu. Alisoma katika chuo kikuu cha mji huohuo. Mwaka 1937, angali mwanafunzi, mwalimu wake Konstantinos Rhomaios alimchukua Vergina kusaidia kuchimbua magofu ya jumba la kifalme, ambayo Mfaransa Léon Heuzey alikuwa ameyagusa tangu 1861. Vita vikakatiza masomo, naye akaenda Mashariki ya Kati kujiunga na majeshi ya Ugiriki. Baada ya vita alifundisha shule, akaingia idara ya mambo ya kale mwaka 1949, akapata udaktari mwaka 1952, kisha mwaka 1954 akaenda Oxford kusoma kwa John Beazley, mtu aliyeweza kutazama kigae cha chungu cha Athene na kuutambua mkono wa mchoraji wake. Mwaka 1961 akawa profesa.

Vergina iko kama kilomita 75 kutoka Thessaloniki, jirani na mji wa Veria, ambao wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaujua kwa jina la Beroya. Kijiji kilikaliwa upya na wakimbizi wa miaka ya 1920, na mawe mengi ya jumba la kale yaliishia kwenye kuta za nyumba zao.

Kati ya 1952 na 1961 Andronikos alichimbua makaburi ya vichuguu vidogo uwandani, zaidi ya 300 kwa jumla, mengi ya kati ya mwaka 1000 na 700 KK. Humo mlikuwa na panga za chuma, mapambo ya shaba na vyungu. Faida kubwa ya kazi hiyo ilikuwa jicho. Udongo uliochimbwa na kurudishwa haufanani rangi na udongo ambao haujaguswa. Udongo uliomwagwa kwa vikapu kuinua kichuguu huacha matabaka yanayoinama kuelekea nje, kwa hiyo ukikata mtaro ukakuta matabaka yanainama upande usioutarajia, ujue chini yake kuna kichuguu kingine kidogo kilichomezwa na kikubwa. Shimo la mwizi nalo hujionyesha kama kidonda: udongo laini, umevurugika, una vigae vya zama zisizohusiana. Mtu aliyesoma kurasa 300 za aina hiyo hahitaji kuambiwa pa kusimamisha sururu na kushika mwiko na brashi.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wengi hulipita. Mwaka 1968 Andronikos alichapisha kwa Kijerumani utafiti kuhusu mazishi katika zama za Homer, mtunzi wa tenzi za kale za Wagiriki. Alijua mstari kwa mstari jinsi Wagiriki wa tenzi walivyochoma maiti, walivyookota mifupa, walivyoifunga kwa nguo na kuiweka chomboni. Miaka 9 baadaye maarifa hayo yalimsubiri ndani ya sanduku la marumaru.

Kilima Kikubwa na mashahidi yaliyovunjwa

Ukingoni mwa makaburi madogo kulikuwa na kilima kilichojengwa kwa mikono, Megali Toumba, yaani Kilima Kikubwa. Kipenyo chake kilikuwa mita 110 na kimo kama mita 12. Ukikihesabu kama kipande cha tufe, ni karibu mita za ujazo 58,000 za udongo, sawa na safari 5,800 za lori la mita 10, na hapo hujaingiza kwamba udongo ukishachimbwa huvimba. Kukata ukuta wima wa mita 12 katika udongo wa kumwagwa ni kuwazika watu wako, hivyo kila unapotaka kushuka lazima ukate kwa ngazi, na kila ngazi inapanua shimo. Msimu mmoja wa wiki chache na bajeti ya chuo kikuu haufiki mbali. Andronikos alijaribu mwaka 1952, akarudi 1962 na 1963, akaacha, akaanza tena 1976.

Mwaka huo wa 1976 hakupata kaburi. Alipata vipande vya mashahidi, mawe ya marumaru ya makaburi ya watu wa kawaida, ya karne ya 4 na mwanzo wa karne ya 3 KK, yamevunjwavunjwa na kutupwa ndani ya udongo wa kilima. Vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa ufunguo wa kila kitu kilichofuata, kwa hiyo tuvitazame kwa utulivu.

Kama mashahidi yaliyovunjika yamo ndani ya udongo wa kilima, basi kilima kilirundikwa baada ya makaburi kuvunjwa. Nani aliyavunja? Plutarch ameandika kwamba mfalme Pyrrhus alipoiteka Aigai, mji wa kale wa wafalme wa Makedonia, aliwaacha huko askari wa kukodiwa wa Kigalatia, nao wakayafukua makaburi ya wafalme, wakachukua mali na kuitawanya mifupa. Hiyo ilikuwa mwaka 274 au 273 KK, na tarehe inakubaliana na mashahidi. Tangu 1968 Mwingereza Nicholas Hammond alikuwa akisema Aigai haikuwa Edessa kama wengi walivyoamini, bali ilikuwa Vergina. Unganisha hayo na swali linajitokeza lenyewe: nani angerundika mita za ujazo elfu hamsini na nane juu ya makaburi ya watu wa kawaida? Mfalme fulani, pengine Antigonus Gonatas, alikuwa anafunika kitu ambacho Wagalatia hawakukimaliza.

Mwisho wa Agosti 1977 kazi ilianza tena. Katikati ya kilima, mahali ambapo kila mchimbuzi angeanzia, hapakuwa na kitu. Msimu ukielekea ukingoni, Andronikos alihamia upande wa kusini-magharibi. Hapo vikatokea vitu vitatu karibukaribu: msingi wa jengo dogo la ibada ya wafu wenye heshima, kaburi la mawe lenye umbo la sanduku (Kaburi la Kwanza), na kaburi kubwa lenye dari la tao (Kaburi la Pili).

Kaburi la Kwanza, chumba cha kama mita 3 kwa 2, lilikuwa limeibwa. Wezi waliacha mifupa sakafuni na kitu wasichoweza kubeba: ukutani kuna picha ya Hadesi, mungu wa kuzimu, akimnyakua binti Persefoni kwa gari lake la farasi, imechorwa kwa mkono mwepesi na wa haraka kiasi kwamba mistari ya kwanza ya mchoraji bado inaonekana kwenye lipu. Mifupa ile ya sakafuni tutairudia.

Kwa nini kupitia darini

Kaburi la Pili lina vyumba viwili. Chumba kikuu ni mita 4.46 kwa 4.46, cha mbele kina kina cha mita 3.36, na kimo ni mita 5.30. Uso wake una nguzo nusu za mtindo wa Doriki, mlango wa marumaru wa vipande viwili, na juu yake ukanda wa picha ya mawindo wenye urefu wa mita 5.56 na kimo cha mita 1.16.

Mtu asiyeijua kazi hii ataona mlango ndio njia. Mlango ulikuwa wa hatari. Udongo uliokuwa mbele ya uso wa kaburi ndio ulioushikilia kwa zaidi ya miaka 2,200. Ukiuondoa wote kwa mkupuo, shinikizo linabadilika, lipu yenye rangi inakauka ghafla, chumvi iliyomo inatoka nje na kusukuma rangi ianguke kama magamba. Vipande vya mlango ni vizito, na ukivisukuma hujui nini kimelala nyuma yake. Jiwe la dari kwa nyuma halibomoi kitu: linang'oka, linahesabiwa, linarudi mahali pake.

Kuingia ni nusu ya shida. Kaburi lililofungwa vizuri lina hewa yake, unyevu wake na joto lake ambavyo havijabadilika kwa karne nyingi. Mbao, ngozi na nguo zilizosalia humo zimesalimika kwa sababu ya utulivu huo, na tundu likishafunguliwa saa inaanza kuhesabu. Kwa hiyo mpangilio wa kazi haubadiliki: picha kwanza kutoka juu, kabla mguu haujagusa sakafu, kisha vipimo, kisha kuondoa, ukianza na kile kitakachoharibika mapema. Dhahabu inaweza kungoja.

Hapa sakafu ilikuwa na mtego. Kitanda cha mbao kilichopambwa kilikuwa kimeoza kabisa, na mapambo yake yakaanguka na kutawanyika: vipande vya pembe za ndovu, vikiwemo vichwa vidogo vya watu vya kimo cha sentimita 3 hivi, kimoja cha mwanamume mwenye ndevu, kingine cha kijana anayeinamisha shingo. Kiatu kimoja kikikosea kimesaga uso wa mtu. Ngao ya dhahabu na pembe za ndovu ilikuwa imevunjika vipande vingi, na kuiunganisha kulichukua miaka. Ilisalimika kwa sababu kila kipande kiliandikwa kilipolala kabla hakijaokotwa.

Kisha wakafungua sanduku la marumaru. Walitarajia chungu cha mifupa, wakakuta sanduku la dhahabu, lanaksi, kifuniko chake kimechongwa nyota ya miale 16. Ndani yake kulikuwa na mifupa iliyochomwa, imepangwa safi, ina madoa ya zambarau ya nguo iliyoifunga, na juu yake taji la dhahabu la majani ya mwaloni: majani 313 na matunda ya mwaloni 68. Mwishoni mwa Iliadi, utenzi wa Homer, mifupa ya shujaa Hektori inakusanywa kutoka kwenye majivu, inafungwa kwa nguo laini za zambarau na kuwekwa katika lanaksi ya dhahabu. Mtu mwingine angeona utajiri. Andronikos aliona ibada aliyokuwa ameieleza kitabuni.

Chumba cha mbele kilishangaza zaidi, kwa kuwa hakuna aliyetarajia maiti wa pili humo. Sanduku jingine la marumaru, lanaksi nyingine ya dhahabu, ndogo kidogo na yenye nyota ya miale 12, na mifupa ya mwanamke imefungwa kwa kitambaa cha zambarau kilichofumwa kwa nyuzi za dhahabu. Kando ya mlango wa ndani kulikuwa na podo la dhahabu la mtindo wa Waskithi, wapanda farasi wa kaskazini mwa Bahari Nyeusi, na jozi ya kinga za miundi zilizopakwa dhahabu, moja fupi kuliko mwenzake kwa sentimita 3 na nusu hivi. Zikumbuke kinga hizo.

Jina

Tarehe 24 Novemba 1977 Andronikos aliutangazia ulimwengu. Hoja yake ilikuwa na hatua tatu. Kwanza, kaburi ni la kifalme: ukubwa, mahali, kilemba cha fedha kilichopakwa dhahabu na wingi wa mali havimfai mtu mwingine. Pili, vyombo vyake ni vya kati ya 350 na 325 KK. Tatu, katika miaka hiyo mfalme mmoja tu alizikwa Aigai, Filipo wa Pili, aliyechomwa kisu na mlinzi wake Pausanias mwaka 336 KK katika ukumbi wa michezo wa mji huohuo. Aleksanda alifia Babeli mwaka 323 na mwili wake ukapelekwa Misri.

Hatua ya kwanza imesimama. Ya tatu ni hesabu ya kuondoa, na inategemea kabisa ya pili. Ukisogeza tarehe mbele kwa miaka 10 tu, anaingia mtu mwingine: Filipo Arrhidaeus, nduguye Aleksanda kwa baba, aliyeuawa mwaka 317 KK kwa amri ya Olympias, mama yake Aleksanda, pamoja na mkewe kijana Eurydice, kisha Cassander, aliyeshika utawala wa Makedonia baadaye, akawazika wote kwa heshima za kifalme Aigai. Mfalme na malkia, vyumba viwili, lanaksi mbili. Mtu mwenye haki lazima akiri kwamba inaingiana vizuri.

Wapinzani walishika kiungo hicho cha pili. Phyllis Lehmann alihoji mwaka 1980 kama Wamakedonia walijua kujenga dari la tao kabla majeshi ya Aleksanda hayajaliona Asia. Susan Rotroff, mwaka 1984, alilinganisha vibakuli vidogo vya chumvi vilivyomo na vile vilivyochimbuliwa sokoni mwa Athene, akaona vinafaa zaidi miaka ya mwisho ya karne ya 4. Eugene Borza na Olga Palagia walitazama picha ya mawindo, yenye simba, na silaha zenyewe, wakaona mkono wa baada ya Asia.

Hoja ya tao ndiyo iliyojibiwa vizuri zaidi, na aliyeijibu ni Andronikos mwenyewe kwa mwiko. Mwaka 1987 alichimbua hapo Vergina kaburi jingine la tao, lenye kiti cha enzi cha marumaru kilichochorwa, linalohusishwa na Eurydice mama yake Filipo wa Pili (usimchanganye na yule mke wa Arrhidaeus, majina yalirithiwa mno katika ukoo huu). Humo vilikuwemo vipande vya mtungi wa zawadi za michezo ya Athene. Mitungi ya aina hiyo huandikwa jina la afisa wa mwaka, na huu ni wa 344/343 KK. Tao lilikuwepo Makedonia kabla Aleksanda hajatia mguu Asia.

Ya simba inajibiwa na Herodoto, anayesema ngamia wa jeshi la Xerxes, mfalme wa Uajemi, walishambuliwa na simba mwaka 480 KK katika nchi hizohizo. Kuwinda simba hakukuhitaji safari ya Asia. Vibakuli vya chumvi ni vigumu zaidi. Ukubwa wa dirisha la tarehe ya kigae ni kitu ambacho wataalamu wa vyungu hukibeba kwa uangalifu: miaka 10 au 20 huku na huku ni jambo la kawaida, na hapa ugomvi wote ni wa miaka 20. Ushahidi wa aina hiyo hauwezi peke yake kumfukuza Filipo wala kumpa kaburi.

Kuna ushahidi wa ujenzi ambao, kwa maoni yetu, ulistahili kusikilizwa mapema kuliko vibakuli. Chumba kikuu kilipigwa lipu kwa haraka na hakikumaliziwa, ilhali cha mbele kimekamilishwa kwa utulivu. Juu ya dari la tao kulikuwa na matofali ya udongo yaliyoungua na masalio ya moto wa mazishi: hatamu za farasi, panga mbili, ncha ya mkuki, na vipande vya dhahabu vya taji lilelile la mwaloni. Maana yake mwili ulichomwa na silaha zake na taji karibu na siku ya kuzikwa, kisha mabaki ya moto yakabebwa na kuwekwa juu ya kaburi. Hayo yanamfaa mfalme aliyeuawa ghafla kwenye sherehe zaidi ya yule aliyefukuliwa na kuzikwa upya baada ya miezi.

Mifupa

Mwaka 1981 Xirotiris na Langenscheidt waliipima mifupa ya chumba kikuu: mwanamume wa miaka 35 hadi 55. Filipo alikuwa na miaka 46 alipouawa, Arrhidaeus karibu 40. Umri haukusaidia. Mwaka 1984 Waingereza Musgrave, Prag na Neave waliujenga upya uso kutoka kwenye fuvu, wakasema tundu la jicho la kulia lina alama ya jeraha. Filipo alipoteza jicho la kulia kwa mshale huko Methone mwaka 354 KK, hivyo dunia ikashangilia.

Tatizo ni moto. Mfupa unaochomwa hupasuka, hujikunja na kusinyaa, na ufa wa moto ukingoni mwa tundu la jicho unaweza kufanana na ufa wa mshale uliopona. Mwaka 2000 Antonis Bartsiokas alisema kile kilichoonekana kama jeraha ni athari ya moto na gundi ya kuunganisha vipande. Akaongeza jambo zito zaidi: mifupa ilichomwa mikavu, nyama ikiwa imekwisha, kama ya mtu aliyezikwa kisha akafukuliwa. Yaani Arrhidaeus.

Namna ya kutofautisha ni hii. Mfupa wenye nyama na mafuta bado una protini yake. Ukiingia motoni hupinda na kutoa nyufa za kukata upana, zenye kujipinda kama mwezi mchanga. Mfupa mkavu hupasuka kwa urefu na hupinda kidogo mno. Musgrave na wenzake walijibu mwaka 2010 kwamba mifupa ya Kaburi la Pili ina mikunjo na nyufa za aina ya kwanza. Mwaka 2014 Theodore Antikas na Laura Wynn-Antikas, baada ya kupitia vipande 350 hivi, kimoja kimoja, walifika hapohapo, wakaongeza alama za uti wa mgongo za mpanda farasi wa miaka mingi.

Kisha yule mwanamke. Kwa mifupa ya nyonga walimpa miaka 30 hadi 34. Eurydice mke wa Arrhidaeus alikufa hajafika 20 au ndiyo kwanza anaifika, na Kleopatra, mke wa mwisho wa Filipo, naye alikuwa kijana. Mwanamke huyu alikuwa amevunjika mfupa wa muundi wa kushoto na mguu ukapona mfupi. Sasa rudi kwenye zile kinga za miundi. Tangu 1977 watu walizitumia kumthibitisha Filipo, kwa kuwa alikuwa kiwete. Lakini zilikuwa katika chumba cha mbele, pamoja na mwanamke na podo la Kiskithi, na iliyo fupi ni ya kushoto. Silaha zilikuwa za malkia. Filipo alikuwa na wake saba kutoka mataifa mbalimbali, na Antikas anamtaja binti wa mfalme Ateas wa Waskithi.

Binafsi kinga hizo zinatugusa kuliko taji. Kwa miaka karibu 40 kitu kilichokuwa karibu kabisa na mwili wa mwanamke kilisomwa kama mali ya mumewe, kwa sababu tu kilikuwa silaha, ilhali mahali kilipolala palikuwa pameandikwa sawasawa katika kumbukumbu za uchimbuzi tangu siku ya kwanza.

Kurudi Kaburi la Kwanza

Mwaka 2015 Bartsiokas na wenzake walihamishia mjadala kwenye lile kaburi lililoibwa. Walieleza mguu wa mwanamume mrefu wa kama miaka 45, goti limegandana na mfupa una tundu, wakasema huyo ndiye Filipo kiwete, pamoja na Kleopatra na mtoto wao mchanga. Ilivutia sana: mguu wenye kilema, mwanamke wa miaka 18 hivi, mtoto.

Mwaka 2025 ukaja uchunguzi mwingine wa mifupa hiyohiyo kwa kaboni 14, njia ya kupima umri wa masalio, na vipimo vingine vya maabara. Mwanamume huyo alikufa akiwa na miaka 25 hadi 35, kati ya 388 na 356 KK, kabla ya Filipo kuuawa. Watoto hawakuwa mmoja bali angalau sita, na ni wa zama za Warumi, yaani waliingizwa karne kadhaa baadaye kupitia uwazi ulioachwa na wezi. Familia iliyokuwa imeundwa na wataalamu kwenye karatasi ikavunjika.

Hapa kuna kosa la kazi ambalo halikuwa la mtu mmoja. Mifupa ya Kaburi la Kwanza haikupewa uzito kama wa dhahabu ya la Pili. Mingine ilikuja kuonekana stoo, imechanganyika na vipande vya lipu na mifupa ya wanyama, miaka zaidi ya 30 baada ya kuchimbuliwa. Kaburi lililoibwa ndilo linalohitaji kadi na lebo nyingi zaidi, maana kila mwizi na kila mpitaji ameongeza chake humo, na usipopima tarehe ya kila mtu peke yake utawaunganisha watu waliotengana kwa miaka 200.

Tukimrudia Andronikos: kosa lake, kama tutaliita hivyo, lilikuwa kuruhusu dirisha la 350 hadi 325 lionekane gumu kuliko lilivyokuwa, kisha jina likaenda kwenye magazeti kabla vyungu havijachapishwa kikamilifu. Jina likishatoka halirudi. Nyota ya miale 16 ikawa bendera ya jirani wa kaskazini wa Ugiriki, ikaingia kwenye ugomvi wa nchi hizo mbili hadi bendera hiyo ilipobadilishwa mwaka 1995, na baada ya hapo kila ripoti ya mfupa ilisomwa kama kauli ya kisiasa. Hata hivyo, ukipima vyote, moto wa juu ya dari, lipu ya haraka, mifupa iliyochomwa na nyama, umri wa mwanamke na tao la 1987, tunaona kaburi linabaki la Filipo wa Pili. Na ushahidi huo wote umetoka kwenye kumbukumbu zake na za timu yake.

Mwaka 1978 alifungua Kaburi la Tatu, nalo halijaibwa: mifupa ya kijana wa miaka 13 hadi 16 ndani ya mtungi wa fedha, ambaye wengi humtambua kuwa Aleksanda wa Nne, mwana wa Aleksanda Mkuu. Kitabu chake kikubwa cha makaburi kilitoka mwaka 1984. Alifariki Thessaloniki tarehe 30 Machi 1992. Mwaka uliofuata makaburi yalifunikwa kwa jengo lenye umbo la kilima kilekile, makumbusho yakafunguliwa ndani yake 1997, na mgeni leo huteremka kwa njia ya mteremko hadi mbele ya mlango wa marumaru ambao profesa alikataa kuufungua.

Kazi ya kijiji ilibaki mikononi mwa wanafunzi wake, Stella Drougou na Chrysoula Paliadeli, waliokuwa wasaidizi wake katika uchimbuzi ule wa 1977. Mwaka 2008 timu ya Paliadeli ilikuwa ikichimbua uwanja wa soko wa Aigai, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kaburi hata moja, ikakuta chombo cha shaba kimefukiwa. Ndani yake kulikuwa na chombo cha dhahabu, mifupa iliyochomwa, na taji la majani ya mwaloni.